Sura ya Saba: Nafasi ya Kumi na Tatu

Katika riadha ya vyuo vikuu vya Marekani hakuna nafasi inayouma kama ya kumi na tatu. Aliyemaliza wa arobaini na nane anajua kashindwa kihalali. Anavua viatu vyake vya misumari na kwenda zake. Wa kumi na tatu hubaki amekodolea macho ubao wa matokeo. Kati yake na aliyemtangulia pengine pana sehemu tu ya sekunde baada ya kilomita kumi, au sentimita mbili za mchanga katika kuruka mbali. Mwenzake msimu wake unaendelea. Yeye wake umekwisha, na kama yuko mwaka wa mwisho wa masomo, hatavaa tena fulana ya chuo.

Kinachowatenganisha wawili hao ni mashindano ya mchujo ya kanda, yanayofanyika kila mwisho wa Mei. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, kina vyuo zaidi ya 350 katika daraja lake la kwanza. Tangu 2010, riadha ya daraja hilo imegawanywa nusu mbili kwa ramani: Mashariki na Magharibi. Kwa kila mchezo, kila nusu huita wanariadha 48 wenye matokeo bora ya msimu, pamoja na timu 24 kwa kila mbio za kupokezana vijiti. Huchuana kwa siku nne, na 12 wa kila upande hupita. Hao 24 hukutana Juni kwenye fainali ya taifa, ambayo tangu 2013 imefanyika karibu kila mwaka katika uwanja wa Hayward Field mjini Eugene, jimbo la Oregon. Pointi za kuwania ubingwa wa vyuo hugawiwa kwenye fainali peke yake. Kwenye kanda hakuna pointi hata moja. Kuna kupita na kuna kurudi nyumbani.

Jambo hili linatugusa Afrika Mashariki kuliko tunavyodhani. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State University mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Suleiman Nyambui, Mtanzania aliyenyakua medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alisoma University of Texas at El Paso na kutwaa ubingwa wa vyuo wa mita 10,000 mara nne mfululizo. Edward Cheserek, mzaliwa wa Kenya, alikusanya mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon. Mwaka 2024 Doris Lemngole wa Alabama alishinda mita 3,000 kuruka viunzi na maji mwezi Juni, kisha akaongeza taji la mbio za nyika mwezi Novemba. Vijana wetu wanaendelea kwenda huko kwa ufadhili wa masomo unaotegemea miguu yao. Rono na Nyambui walikimbia kabla mlango huu haujajengwa. Wanaokwenda sasa hawana budi kuupitia, na ni haki yao kuuliza kama umewekwa sawa.

Orodha na kasoro zake

Mashindano ya kwanza ya riadha ya NCAA yalifanyika Chicago mwaka 1921, na kwa miongo mingi iliyofuata hapakuwa na mchujo wa kanda. Katika miaka ya mwisho ya utaratibu wa zamani, kufuzu kulikwenda kwa viwango. Ukifikia kiwango kile kikali umepita moja kwa moja. Ukifikia kile cha chini yake unasubiri nafasi zilizobaki zijazwe kwa kufuata orodha ya matokeo bora. Mashindano ya msimu wa baridi, yale ya ndani ya ukumbi, yameendelea kutumia orodha: 16 wa juu katika kila mchezo wa mtu mmoja mmoja ndio huitwa.

Kwa mbali orodha inaonekana ndiyo haki yenyewe, maana saa haina mjomba wala shangazi. Lakini saa haiulizi ulikimbilia wapi, wala nauli ililipwa na nani. Kila mwanzo wa Desemba wakimbiaji wa masafa humiminika Boston University, kwenye uwanja wa ndani wenye kona zilizoinuliwa unaojulikana kwa kutoa muda wa kasi. Mbio zinapangwa kwa ajili ya muda: kuna mweka kasi mbele, wenzake wa kiwango kimoja nyuma yake, na kila mtu amekuja kutafuta namba. Msimu wa nje ukifika, safari huelekea California, ambako jioni za Aprili ni za ubaridi na upepo umetulia. Chuo chenye fedha kinawakatia vijana wake tiketi. Chuo kisicho nazo kinabaki kwao, kinakimbia kwenye mvua na upepo, na bingwa wake anaongoza peke yake mizunguko yote bila wa kumsukuma. Wote wawili wanaingia kwenye orodha moja, na asiyejua hudhani mmoja ni hodari kuliko mwingine.

Halafu kuna suala la muinuko, ambalo msomaji wa Eldoret au Arusha hahitaji kufundishwa. Northern Arizona University iko Flagstaff, takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Kilomita kumi huko si sawa na kilomita kumi ufukweni, na kwa hiyo NCAA ina majedwali ya kurekebisha muda uliokimbiwa nyanda za juu. Nia ni njema, lakini jedwali ni makadirio ya watu wengi, na mkimbiaji ana kifua kimoja tu, chake.

Ndipo mwaka 2003 zikaanzishwa kanda nne. Watano wa kwanza wa kila kanda katika mchezo wa mtu mmoja mmoja walipita moja kwa moja, na nafasi zilizobaki zikajazwa kwa orodha. Mwaka 2010 kanda nne zikawa mbili, waliopita wakawa 12 kwa 12, na zile nafasi za nyongeza zikafutwa. Nitarudi kwenye kufutwa huko, kwa sababu ndiko kosa lilikoingilia.

Hoja ya kuanzisha kanda ilikuwa nzuri, na bado ni nzuri. Riadha ni kushindana na watu. Kijana aliyezoea kufukuza saa nyuma ya mweka kasi hupotea siku anapokutana na mbio za ubingwa, ambazo hazina mweka kasi na wala hakuna anayejali muda.

Mizunguko 25 usiku

Ukitaka kuona kanda ilivyo, tazama mita 10,000. Mbio huanza jua likishazama, kwa sababu joto la Texas au Florida mwishoni mwa Mei si la kukimbilia kilomita kumi. Wakimbiaji 48 wanasimama kwenye mstari wa kuanzia wamebanana kama abiria wa daladala ya asubuhi. Hakuna kundi la pili. Ni mbio moja, mizunguko 25, na 12 wa kwanza wanapita.

Kinachofuata kinamshangaza mtazamaji mgeni. Hakuna anayetaka kuongoza. Wa kwanza na wa kumi na mbili watapewa kitu kile kile, kwa hiyo kumaliza wa kwanza ni kutumia nguvu utakazozihitaji Juni. Msafara unakwenda taratibu, viwiko vinagusana, misumari inakwaruza miguu ya wenzao. Makocha waliojipanga kando ya uwanja hawapazi sauti kutaja muda wa mzunguko, wanataja nafasi. Uko wa kumi na tano. Uko wa kumi na moja, tulia. Ikibaki mizunguko mitatu msafara unachanika. Aliyekuwa na muda bora wa msimu anajikuta amefungiwa ndani, bega la mtu kulia kwake na chuma cha ukingo kushoto, wakati watu ambao orodha iliwaweka wa thelathini wanampita kwa nje.

Je, huyo kaonewa? Mimi nasema hapana. Mita 10,000 ni mbio, na kujua mahali pa kusimama ikibaki mizunguko mitatu ni sehemu ya ufundi wake sawa na kuwa na mapafu. Mchujo wa Olimpiki wa mita 5,000 na 1,500 unadai akili hiyo hiyo. Aliyeshindwa kujinasua kwenye msongamano kashindwa mtihani halali.

Swali gumu zaidi ni la mwili. Wanaume hushindana Jumatano na Ijumaa, wanawake Alhamisi na Jumamosi. Anayewania mita 10,000 na 5,000 pamoja hukimbia ya kwanza usiku mmoja, akapumzika siku moja, akarudi kwa ya pili. Baada ya siku kumi na kitu anarudia yote kwenye fainali. Hizo ni kilomita 30 za mashindano katika muda wa wiki mbili hivi. Cheserek alipotwaa mataji yote mawili mwaka 2015, na tena 2016, hiyo ndiyo njia aliyopita. Mwaka 2017 jeraha likamzuia kutetea mataji yake ya nje katika msimu wake wa mwisho. Siwezi kusema kanda ndiyo ilimvunja. Msimu wa chuo una mbio nyingi. Ila NCAA yenyewe inajua kwamba mwili una kikomo: wa dekathloni na heptathloni hawapelekwi kanda kabisa. Wao 24 bora wa orodha huenda fainali moja kwa moja, kwa sababu hakuna awezaye kumdai binadamu dekathloni mbili kwa wiki mbili.

Siku ya kufa nyani

Wahenga walisema siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Kwenye kanda miti huteleza kwa namna tatu.

Ya kwanza ni upepo. Katika robo fainali ya mita 100 kuna makundi matatu ya wakimbiaji wanane. Watatu wa kila kundi hupita kwa nafasi, na watatu wengine huongezwa kwa muda. Upepo wa nyuma wa mita mbili kwa sekunde humpunguzia mwanamume takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde kwenye mita 100. Kundi la kwanza likikutana na upepo wa mbele na la tatu likasukumwa kutoka nyuma, wa nne wa kundi la kwanza ameondolewa na hali ya hewa. Muda wake unalinganishwa na wa wenzake kana kwamba wote walikimbia katika hewa moja.

Ya pili ni zamu. Mita 5,000 hukimbiwa kwa makundi mawili. Watano wa kila kundi wanapita, kisha wawili wenye muda bora zaidi kati ya waliobaki. Kundi la kwanza linakimbia gizani. Kundi la pili linaingia uwanjani likijua wa sita na wa saba wa kundi la kwanza wamepata muda gani. Ikiwa kundi la kwanza lilitegeana na muda ukawa wa polepole, wa kundi la pili wanachotakiwa ni kukubaliana kimyakimya kwenda mbio, na nafasi zote mbili za ziada zinakuwa zao. Hapo hakuna udanganyifu. Kanuni ndiyo inayowapa taarifa wengine na kuwanyima wengine.

Ya tatu ni idadi ya majaribio. Mruka mbali ana miruko mitatu tu. Anaweza kuwa wa pili nchi nzima kwa matokeo ya msimu. Mruko wa kwanza, ncha ya kiatu inavuka ubao kwa upana wa ukucha, bendera nyekundu inainuka. Wa pili anaogopa, anafupisha hatua, anarukia nyuma kabisa ya ubao. Bendera nyeupe, lakini umbali ni wa kawaida. Wa tatu anataka kurudisha vyote kwa mara moja, na bendera nyekundu inainuka tena. Dakika arobaini hivi, na kazi ya miezi tisa imekwisha. Upande wa kupokezana vijiti ni mkali zaidi: kijiti kikianguka wamekwisha wote wanne, hata kama ndio wenye muda bora wa mwaka.

Makocha wanaotetea kanda hujibu kwamba michezo ndivyo ilivyo, na kwamba Olimpiki nayo haina huruma. Wana haki nusu. Olimpiki haina huruma kwa siku ya mwisho. Hapa tunazungumzia mlango wa kuingilia, na kazi ya mlango ni kuhakikisha kwamba waliomo ndani ni wale waliostahili kuwamo.

Ramani haina miguu

Ajali za uwanjani zinaweza kumpata yeyote. Kasoro ya ramani huwapata walewale kila mara, na kwa hiyo ni mbaya zaidi.

Kanuni inasema 12 Mashariki na 12 Magharibi, katika kila mchezo, kila mwaka, bila kujali nguvu iko wapi. Lakini vipaji havikugawanywa kwa rula. Northern Arizona, Brigham Young, New Mexico na Colorado, vyuo vya nyanda za juu vinavyoheshimika kwa mbio za masafa, vyote viko Magharibi, pamoja na Oregon, Stanford, Washington na Oklahoma State. Mashariki nako kuna wakali wa masafa: North Carolina State, Virginia, Notre Dame, Alabama. Mizani hubadilika mwaka hadi mwaka na mchezo hadi mchezo, na katika mbio fupi au mitupo inaweza kuelemea upande mwingine kabisa. Kisichobadilika ni idadi: 12 kwa 12.

Chukulia kwamba katika mchezo mmoja, kati ya 24 bora wa nchi, 16 wako upande mmoja na wanane upande wa pili. Hata siku iende sawa kwa kila mtu, bila upepo, bila kuanguka, bila bendera nyekundu, wanne miongoni mwa 24 bora lazima wabaki nyumbani, na wanne wasiokuwemo lazima wapite. Wameshindwa kabla bunduki haijalia, kwa sababu ya anwani ya chuo chao. Na kasoro hiyo inaanzia mapema zaidi, kwenye wale 48. Wa arobaini na tisa wa upande mgumu haitwi hata kuja kujaribu, huku mwenye muda mbaya kuliko wake akiitwa upande wa pili.

Aliyefuatilia michezo ya shule za sekondari Kenya analijua jambo hili. Nafasi zikigawiwa sawa kwa kila kanda, mvulana anayeachwa kwenye mchujo wa Bonde la Ufa katika mita 5,000 huenda angetamba kwenye kanda nyingine nyingi. Kwa michezo ya shule tunalivumilia, kwa kuwa lengo mojawapo ni kila sehemu ya nchi iwakilishwe. Fainali ya NCAA haiwakilishi majimbo. Inatafuta bingwa wa nchi.

Novemba wanaijua dawa

Cha kushangaza ni kwamba vyuo vilevile, makocha walewale na mara nyingi wakimbiaji walewale wana jibu la tatizo hili, na wamelitumia kwa miaka mingi. Wanalitumia katika mbio za nyika.

Kila Novemba daraja la kwanza la mbio za nyika hugawanywa kanda tisa. Timu mbili za juu za kila kanda hufuzu moja kwa moja. Hizo ni 18. Timu 13 zaidi huongezwa ili zitimie 31, na hapo ndipo penye busara. Hizo 13 hazigawanywi kwa ramani. Zinatafutwa kwa kuangalia timu imewashinda nani katika msimu: kila ulipoitangulia timu ambayo sasa imefuzu, unahesabiwa pointi. Kanda ya milimani, yenye Northern Arizona, Brigham Young na majirani zao, huingiza timu nyingi kuliko mbili kwa sababu timu hizo zimethibitisha nguvu zao dhidi ya wengine. Wakimbiaji 38 ambao timu zao hazikufuzu nao huitwa, wengi wao kwa nafasi walizomaliza kwenye kanda. Jumla inakuwa wakimbiaji 255.

Utaratibu huo nao una kasoro zake. Timu inaweza kubebwa na jirani: kama timu ya nne ya kanda ina pointi za kutosha na ya tatu haina, ya tatu hupita kwanza, maana haiwezekani kumwita aliyeshindwa na kumwacha aliyemshinda. Hata hivyo msingi wake ni imara. Mashindano ya kanda yana uzito, mshindi wa kanda analindwa, na mwenye nguvu aliyezaliwa kanda ngumu ana mlango wa pili.

Mei inapofika, mlango huo wa pili umezibwa. Ulikuwepo kati ya 2003 na 2009, ukaondolewa 2010.

Mapendekezo yangu ni mawili, na hakuna hata moja linalohitaji uwanja mpya. Kwanza, wapite kumi wa kila upande badala ya 12, na nafasi nne za mwisho zitolewe kwa waliofika kanda, wakashindana, wakakosa, lakini matokeo yao ya msimu ndiyo bora zaidi miongoni mwa walioachwa, wawe wa upande wowote. Nne ni chache mno kumrudisha mtu kwenye tabia ya kufukuza saa mwaka mzima, lakini zinatosha kumwokoa wa pili wa nchi aliyevuka ubao kwa upana wa ukucha. Pili, 96 wa mwanzo wachaguliwe kutoka orodha moja ya taifa, kisha ndipo wagawanywe viwanja viwili. Mgawanyo ukifuata jiografia kwa ajili ya nauli, sawa; lakini mtu asinyimwe kuitwa kwa sababu ya jimbo alikosomea.

Najua jibu la wahasibu: safari ni ghali, na vyuo vidogo vinapenda hakika ya nafasi 48 kwa 48. Vyuo vidogo vilivyoko upande dhaifu, ndiyo. Vilivyoko upande mgumu ndivyo vinavyoumia zaidi, na havina fedha za kuwapeleka vijana wao California kutafuta muda wa kujiokoa.

Kanda zibaki, kwa sababu mbio ni za watu na bingwa apatikane kwa kushindana. Ila mgawanyo wa 12 kwa 12 si haki, haukuwa haki mwaka 2010, na wanaousimamia wanajua njia ya kuurekebisha maana wao wenyewe huifuata kila Novemba. Na wewe mzazi, au mwalimu wa riadha unayemwandaa kijana kwenda huko, usiishie kuuliza ada na malazi. Uliza chuo kiko upande gani wa ramani, mchezo wa kijana wako una ushindani kiasi gani upande huo, na kama kocha huwapeleka wanafunzi wake kwenye mashindano yenye muda mzuri. Majibu hayo matatu yataamua mengi kabla kijana hajafunga kamba za viatu.